Nia ya Kubaki

Orval Tvedt alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, na kila kambi waliyoegesha aliisimulia kabla hata hajamaliza kuunganisha bomba la maji. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: yeye na mkewe Marlys walikuwa wakaazi halali wa Dakota Kusini, jimbo ambalo walikuwa wamelala usiku mmoja tu. Mmoja! Unaegesha gari-nyumba lako kambini, unapewa risiti, asubuhi yake unakwenda nayo kwenye dirisha la ofisi ya leseni, unainua mkono na kuapa kwamba hapo ndipo kwenu na huna kwenu kwingine, unapigwa picha, unatoka na leseni ya udereva. Anwani je? Kuna duka la kupokea barua, nalo linakupa namba. Kodi ya mapato hakuna. Theluji ya kuzoa mlangoni hakuna. Vikao vya kugombania rangi ya uzio wa kanisa hakuna. "Mimi kwetu nimelala siku moja tu," angesema huku akijipiga pajani, "na godoro lilikuwa baya."

Watu walicheka. Watu wa kambini hawana kazi kubwa, wanacheka upesi, na wengi wao walikuwa wamefanya ujanja huo huo. Marlys naye alicheka miaka ya mwanzo. Baadaye akawa anatabasamu tu. Baadaye tena akawa ananyanyuka kwenda kutazama jiko lisilo na sufuria juu yake, na Orval wa watu hakuliona hilo hata kidogo.

Lakini tusimwonee. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la nafaka huko Minnesota, katika mji ambao ukipiga chafya umeshaupita, na baba yake alifanya kazi hiyo hiyo mpaka maradhi yakamwangusha humo humo, koti la kazi mwilini. Maisha yake yote Orval alikuwa anawapimia mahindi watu waliokuwa wanakwenda mahali. Malori yanakuja, malori yanaondoka, yeye yupo pale pale na vumbi puani. Akajiapia kwamba siku atakayostaafu hakuna atakayempigilia msumari ardhini tena. Na kweli, alipostaafu hakukaa hata wiki. Nyumba ikauzwa, gari-nyumba likanunuliwa, na Marlys akasimama katika jiko lililobaki wazi, akalia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha vyombo, akapanda gari.

Na kabla hatujafika mbali kuna jambo la kujua kuhusu Marlys. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa alipata nafasi ya kusomea uuguzi mjini. Sanduku lilikuwa limeshafungwa. Orval, aliyekuwa mchumba tu wakati huo, akamwomba asubiri mwaka mmoja; baba yake Orval alikuwa mgonjwa, nyumbani hapakuwa na wa kumgeuza kitandani. Marlys akasubiri. Akamgeuza mzee wa watu, akamlisha, akamwosha, akamzika. Kisha ikaja harusi, kisha akaja Karin, binti yao, kisha maisha yakawa maisha. Hakuwahi kumsimanga mumewe kwa hilo. Wala Orval hakuwahi kuomba radhi, kwa sababu alishasahau kwamba kulikuwa na kitu cha kuombea radhi.

Basi. Miaka ikaenda, barabara zikaenda, mpaka majira fulani ya kuchipua wakafika Sorrel Creek, mji mdogo wa Idaho katika kaunti ya Tamarack, wapitishe siku tatu nne waende zao. Kiyoyozi cha juu ya gari kikaanza kukoroma. Orval akachukua ngazi. Clell Rasband, jirani yao wa kambini, dereva wa malori mstaafu mwenye masihara yasiyokwisha, akamwambia, "Mzee wangu, huko juu kuna umande, ngoja jua lipande." Orval akamjibu kwamba yeye alikuwa anapanda maghala wakati Clell ananyonya. Akapanda. Akashuka bila ngazi, na nyonga ikavunjika.

Siku tatu nne zikawa zaidi ya mwaka. Upasuaji wa kwanza haukushika vizuri, ukafanywa wa pili, halafu yakaja mazoezi ya kutembea ambayo Orval aliyachukia kama dawa ya minyoo. Muda wote huo Marlys ndiye aliyemwosha, aliyembadilisha bandeji, aliyemshika kiunoni akienda chooni. Muuguzi mzungukaji aliyekuwa anakuja kukagua kidonda alisimama siku moja akamtazama anavyofanya, akamuuliza amesomea wapi.

"Amesomea kwangu," akadakia Orval kitandani.

Muuguzi akacheka. Marlys hakucheka. Alikuwa anakunja taulo, akalikunja mara ya pili ingawa lilikuwa limeshakunjwa.

Haikupita wiki akaenda chuoni. Ni chuo kidogo cha kaunti, cha miaka miwili, kilimani juu ya duka la chakula cha mifugo, na kwa masomo mengi mlango wake uko wazi: leta cheti cha sekondari, jiandikishe, karibu. Lakini uuguzi una mlango wake. Viti ni vichache na wanaovitaka ni wengi. Kwanza uwe umesoma mwili wa binadamu na kemia, na masomo hayo yasiwe yamepita miaka mitano. Pili ufaulu mtihani wa kuingilia. Tatu, na hapa ndipo penye kazi, viti vinakwenda kwanza kwa watu wa kaunti, kwa sababu hospitali ya kaunti ndiyo yenye njaa ya wauguzi. Halafu kwa watu wa jimbo. Watu wa nje wanaokota makombo, kama yamebaki. Na mtu wa kaunti ni nani? Ni yule aliyekaa humo mwaka mzima bila kukatisha, na ana nia ya kubaki. Nia hiyo haipimwi kwa mdomo, inapimwa kwa matendo.

Mwili wa binadamu na kemia alikuwa navyo. Alivisoma barabarani, kwa kompyuta, pajani, gari likikata jangwa la Nevada na Orval anapiga mluzi. Orval aliyaita masomo hayo "mchezo wako wa mifupa". Alidhani ni kama kufuma soksi. Marlys alipata alama za juu kabisa katika yote mawili na hakumwambia mtu isipokuwa Karin, kwenye simu. Mtihani wa kuingilia aliufanya Sorrel Creek, siku ambayo Orval alikuwa kwenye mazoezi ya nyonga, akaufaulu vizuri mno. Tatizo lilikuwa moja tu: masomo yake mawili yalikuwa yanamaliza miaka mitano kiangazi cha mwaka uliokuwa unafuata. Akiingia mwaka huu, sawa. Akichelewa mwaka mmoja, yamekufa, na itabidi aanze upya na mfupa wa kwanza.

Alimwambia Orval, sio kwamba alificha. Alimwambia jioni moja kwamba ameomba nafasi ya uuguzi chuoni. Orval alikuwa anatazama besiboli, wachezaji wawili wako nje na wa tatu yuko mbioni. "Vizuri, bibie," akasema, macho kwenye televisheni. Marlys akangoja mpira uishe. Mpira ulipoisha Orval akauliza kama keki ya rubabu, ile ya mashina machachu, bado ipo.

Nyonga ikapona, majira ya kuchipua yakarudi, na leseni zao za Dakota Kusini zikawa zinakaribia kuisha. Kwa Orval hili halikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Unakwenda, unalala usiku wako mmoja, unaapa, unarudi. Baada ya mwaka wa kushikwa kiuno, alikuwa anaitamani barabara mpaka mikono ilikuwa inamwasha.

"Safari hii tusiende," Marlys akasema. "Tuchukue leseni za hapa."

"Za hapa? Tuanze kulipa kodi ya hapa? Bibie, mimi nilivunja nyonga, wewe umeangukia kichwa?"

Angeweza kusisitiza. Angeweza kusema, Orval, zima injini unisikilize. Lakini mtu aliyekubali jambo miaka mingi, kukataa kwake huwa kumepata kutu, hakutoki kwa mara moja. Akapanda gari. Wakalala usiku wao mmoja. Asubuhi, dirishani, Marlys alishika kalamu akakaa nayo kitambo, akiyasoma yale maneno ya kiapo kana kwamba hajawahi kuyaona. Nyuma yao foleni ilikuwa inasogea. Orval akaweka kidole mahali pa sahihi. "Hapa tu, bibie," akasema. Naye akaweka sahihi.

Chuo kilipojibu, kilimweka kundi la watu wa nje. Alikwenda kumwona msajili, Bi Maite Aguirre, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, mpole lakini si wa kuyumbishwa. Bi Aguirre akamwambia leseni yake ni ya jimbo lingine na ni ya juzi, lakini kuna kamati ya rufaa, watu watatu, na yeye mwenyewe ni mwenyekiti wake. Alete ushahidi wa maisha yake ya hapa, na kwa kuwa ana mume, aje na mume, maana nia ya mwenzi wa ndoa nayo inatazamwa.

Hapo ndipo Marlys alipomkalisha Orval mezani na kumweleza yote tangu mwanzo, taratibu. Orval alisikiliza mdomo wazi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ulikuwa unatazama mpira."

Akataka kubisha, akakumbuka ile keki ya rubabu. Na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, lile sanduku la zamani likamrudia akilini, sanduku la kijani lenye kufuli, limesimama kwenye baraza ya wazazi wa Marlys. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akasema atakuja, atavaa tai, atawaambia hao watu kila wanachotaka kusikia.

"Usiwaambie wanachotaka kusikia," Marlys akasema. "Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa. Na ile hadithi yako ya usiku mmoja iache garini."

"Kwani mimi mtoto?"

Siku ya rufaa walikwenda mapema. Chumba chenyewe kilikuwa cha kawaida, meza ndefu na birika la kahawa. Bi Aguirre alikaa katikati. Kushoto kwake alikaa mwalimu mkuu wa uuguzi, mama mmoja mwembamba mwenye mvi, na kulia kwake bwana mmoja mnene wa idara ya fedha, mwenye uso wa furaha. Marlys akaeleza. Alieleza vizuri kuliko Orval alivyowahi kumsikia akieleza kitu: kwaya ya kanisa la Kilutheri anayoimba kila Jumapili, nyumba ya wazee anakojitolea Jumanne na Alhamisi, daktari wake, maktaba, mboga alizopanda nyuma ya gari-nyumba, mwaka mzima na zaidi aliokaa hapo bila kutoka, ukiacha ile safari moja. Orval akawa anamtazama. Nusu ya mambo yale hakuyajua. Alijua tu kwamba Jumanne na Alhamisi chakula cha mchana kinachelewa.

Mwalimu wa uuguzi akasoma alama zake, akainua macho akamtazama kwa namna ambayo hata Orval aliielewa: mwalimu huyu anamtaka chuoni. Bi Aguirre akauliza kuhusu leseni. Marlys akasema zilikuwa zinaisha na hawakutaka kuendesha gari bila leseni. Ilikuwa kweli. Bi Aguirre akaandika, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesema hilo linaeleweka. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Yule bwana wa fedha sasa, kwa wema tu, maana alikuwa mtu mwema, akamgeukia Orval akamuuliza nyonga inaendeleaje. Orval akasema inaendelea. Bwana akasema safari ya Dakota Kusini ni ndefu kwa nyonga mbovu, walikaa huko siku nyingi?

Hapo angejibu hapana, ikaisha. Neno moja. Lakini hadithi ile ilikuwa imeshasimuliwa mara nyingi mno, ilikuwa na njia yake kooni, na ukiigusa mwanzo inatoka yote.

"Kukaa?" akasema Orval. "Bwana wee, usiku mmoja tu!"

Na akaendelea. Risiti, dirisha, picha. Akainua mkono wa kulia kuonyesha wanavyoapa. Akalitaja godoro. Bwana wa fedha akacheka sana, kama watu wote walivyokuwa wanacheka, halafu akaona wenzake hawacheki, naye akaacha, akashika kikombe chake.

"Mliapa kwamba huko ndiko makazi yenu," Bi Aguirre akasema, "na kwamba mna nia ya kurudi huko kila mnapotoka. Wote wawili?"

"Wote wawili," akasema Orval. Sauti ilikuwa imeanza kumpungua.

Bi Aguirre akavua miwani. Alimgeukia Marlys, na ilionekana wazi kwamba alikuwa anamtafutia mlango. "Bi Tvedt, ulipoapa, ulikuwa kweli na nia ya kurudi kuishi huko?"

"Hapana," akasema Marlys.

"Kwa hiyo kiapo hicho hakikuwa cha kweli."

Marlys angesema kilikuwa cha kweli, basi si mkaazi wa Tamarack. Angesema kilikuwa cha uongo, basi ni mtu anayeapa uongo, na mbele ya kamati inayompima kwa neno lake. Mwalimu wa uuguzi alikuwa ameinamisha macho mezani.

"Niliweka sahihi pale alipoonyesha mume wangu kwa kidole," Marlys akasema mwishowe. "Ndivyo ninavyofanya. Nimefanya hivyo siku zote. Sijui mna jina gani la jambo hilo katika sheria zenu."

Hawakuwa nalo. Waliwaomba wasubiri ukumbini, wakawaita tena baada ya muda mfupi, na Bi Aguirre akasema maneno yake polepole, bila kufurahia hata moja. Mwaka wa ukaazi huhesabiwa tangu tendo la mwisho la kudai makazi kwingine. Tendo la mwisho la Bi Tvedt lilikuwa miezi miwili iliyopita. Mwaka wake unaanzia hapo. Anakaribishwa sana kuomba tena. Mwalimu wa uuguzi alimfuata Marlys mpaka mlangoni akamshika mkono.

Njiani kurudi kambini Orval aliongea bila kupumua. Kwamba watakata rufaa juu ya rufaa. Kwamba yule bwana wa fedha alimchimba makusudi. Kwamba sheria gani hii inayomwadhibu mtu kwa kulala usiku mmoja. Kisha, karibu na daraja, maneno yakamwishia na akabaki na lile moja alilokuwa analikimbia.

"Ni mimi," akasema. "Marlys, ni mimi niliyekuponza. Na sio leo tu."

"Angalia barabara," akasema Marlys.

Clell alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja mbele ya kambi, na alipomwona Orval anashuka na tai akauliza amemzika nani. Clell akawatazama wote wawili, akakunja kiti chake akaingia ndani, na haijawahi kutokea Clell akaingia ndani jua likiwa bado linawaka.

Siku tatu zilizofuata Orval alikuwa mtu mwingine. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Alikwenda ofisi ya leseni akauliza masharti ya Idaho, akarudi na karatasi zake. Alimsikiliza Marlys akiongea na Karin kwenye simu, akasikia sauti yake ilivyo ndogo, akatoka nje akasimama kwenye mboga asijue hata ni mboga gani. Alikuwa anaumia, na maumivu yenyewe hayakuwa na pa kuyapeleka. Ukiweza kumrudishia mtu pesa unamrudishia, zinaisha. Mwaka wa mtu utaurudisha vipi, na miwili je? Alilala akiwaza hivyo na kuamka akiwaza hivyo.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, Marlys alimwambia amepata chumba. Kiko kwa mama mmoja wa kwaya, mjane, mtaa wa nyuma ya kanisa. Leseni ya Idaho atachukua kesho yake. Masomo yake yakifa yafe, ataanza upya na mfupa wa kwanza, madarasa yale hayana foleni na mlango wake uko wazi. Mwaka ujao atakuwa mtu wa Tamarack. Kitabu kimoja atanunua, kingine mwalimu wa uuguzi amesema atamwazima.

"Kwa nini chumba?" Orval akauliza. "Nyumba tunayo. Hii hapa."

"Ina magurudumu, Orval. Na ina namba za Dakota Kusini."

"Tutazibadilisha! Nami nitachukua leseni ya hapa. Nimeshaleta karatasi, zitazame, ziko juu ya friji. Tutakaa wote. Nitafanya kazi hata ya kukata nyasi kanisani. Nitaapa tena, mara mia."

"Najua utaapa," akasema Marlys, bila ukali wowote. Alikaa mbele yake, akaweka mikono yake juu ya meza. Mikono ilikuwa imechubuka kwa sabuni ya nyumba ya wazee. "Sikiliza. Mwaka ujao nitakaa tena mbele ya wale watu watatu. Wataniuliza juu yangu, hayo nitayajibu mwenyewe. Halafu wataniuliza juu yako. Wataniuliza, mume wako ana nia ya kubaki? Na mimi sitaki kuapa kitu nisichokijua tena. Kwa hiyo nakuuliza wewe leo. Si leseni. Si karatasi. Unataka kukaa hapa, Orval? Hapa, mtaa mmoja, kanisa moja, theluji mlangoni, mpaka tufe?"

Orval akafungua mdomo. Neno "ndiyo" lilikuwa pale pale, karibu na meno, dogo, rahisi; mwanamume huyu alikuwa ameshaapa makubwa zaidi ya hapo dirishani kwa watu asiowajua huku akitafuna ubani. Akamtazama mkewe. Akaona ghala la nafaka. Akamwona baba yake na koti lake la kazi. Akaona malori yanaondoka moja moja kuelekea mahali, na yeye amesimama kwenye vumbi lake. Alitaka kusema ndiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kila alipojaribu, neno likakataa, kwa sababu aliyekuwa anamuuliza safari hii ni Marlys, na Marlys angejua.

Nje gari lilipita na muziki wake. Friji ikanguruma ikanyamaza. Marlys akasubiri. Alisubiri muda mrefu, muda wa kutosha mtu kusema neno lile mara kumi, na Orval akainamisha kichwa.

"Basi," akasema Marlys, akanyanyuka, "nitawaambia hivyo."

Akafungua kabati, akaanza kutoa nguo zake.